Kinachoizuia bastola isilie inapoanguka

Bastola yenye risasi ndani ya chemba ikiponyoka mkononi na kugonga sakafu, haipaswi kulia. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka, lakini utekelezaji wake umewasumbua waundaji silaha kwa miaka mingi.

Bastola nyingi za kisasa hazina nyundo. Risasi hulipuliwa na pini inayosukumwa na springi. Mtu avutapo kifyatulio, pini huachiliwa na kuigonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Hatari iko hapa: bastola ikigonga sakafu, mwili wake husimama ghafla ilhali vipande vya ndani hutaka kuendelea na mwendo. Kipande kizito kisichofungwa chaweza kuuanzisha mlipuko.

Glock 17, iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, hukabili hatari hiyo kwa vizuizi vitatu. Kwenye uso wa kifyatulio mna wenzo mdogo; usipobonyezwa kwa kidole, kifyatulio hakirudi nyuma. Kizuizi cha pili huiziba njia ya pini. Cha tatu huikinga sehemu inayoishikilia pini isishuke kabla ya wakati.

P320 ya kampuni ya SIG Sauer, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, ilikuwa na kizuizi cha pini lakini haikuwa na wenzo huo. Mnamo Januari 2017, jeshi la Marekani lilichagua bastola ya jamii hiyo. Agosti mwaka uo huo, majaribio ya watu binafsi yalionyesha kwamba ilipoangukia upande wa nyuma kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, uzito wa kifyatulio ulitosha kukirudisha nyuma chenyewe. Kizuizi cha pini nacho kikafunguka, kana kwamba kidole kimevuta.

Kampuni ilisema bastola hiyo ilikuwa imetimiza viwango vya usalama vya Marekani. Hata hivyo, mwezi huo huo ilijitolea kubadilisha baadhi ya vipande, kikiwemo kifyatulio, ambacho kilifanywa chepesi zaidi.

Funzo ni kwamba kizuizi kinachotii kifyatulio hakifai kitu iwapo kifyatulio chenyewe hakikuzuiwa. Aidha, majaribio hupima namna za kuanguka zilizoorodheshwa, ilhali ajali haichagui pembe.

Kwa anayebeba silaha, wakufunzi husisitiza jambo moja: bastola ikiponyoka, usiidake. Iache ianguke, kwani kidole kinachoifukuza hewani chaweza kunasa kwenye kifyatulio.