Ukikabidhiwa jengo, usipokee funguo peke yake

Siku madrasa ya mtaani kwetu ilipofunguliwa nilikuwepo, nimesimama karibu na sufuria ya pilau. Mkandarasi alimkabidhi mwenyekiti wa kamati funguo zilizofungwa utepe wa kijani, dua ikasomwa, tukapiga picha. Hakuna aliyeuliza karatasi. Mimi nina diploma ya ujenzi, na nimesimamia kazi za majengo miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, lakini hata mimi nilinyamaza. Kuuliza siku kama ile kungeonekana ni kumtilia mtu shaka mbele ya watu.

Baada ya miaka mitatu maji ya kisima yakaanza kunuka. Ndiyo maji ambayo watoto hutawadhia na kunywa. Tulichotaka kujua ni shimo la choo liko wapi na paipu imepita upande gani. Ramani yenye muhuri wa kaunti ilionyesha shimo liko nyuma ya jengo, mbali na kisima. Tulichimba hapo tukakuta mwamba mtupu. Kumbe mafundi walipokutana na jiwe gumu walihamisha shimo hadi ubavuni, na msimamizi aliyeamua hivyo alikuwa ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sakafu ya darasa ilivunjwa mara mbili kabla ya paipu kuonekana. Kwa wiki tano watoto walinunuliwa maji ya mkokoteni.

Karatasi ambayo ingetuokoa ni ramani ya jengo kama lilivyojengwa. Ramani ya kwanza huchorwa kabla ya jembe kuingia ardhini, na kazini mambo hubadilika: mwamba, jirani aliyelalamika, mlango uliosogezwa. Kila badiliko linapaswa kurudishwa kwenye mchoro na kutiwa sahihi na msanifu au injinia. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni vile vitakavyofunikwa, yaani misingi, paipu za maji safi na machafu, na nyaya zilizopita ndani ya ukuta. Kama huna uwezo wa kulipia michoro mipya, toa simu mfukoni. Kabla ya mtaro kufukiwa, upige picha futi ikiwa imelazwa kutoka pembe ya ukuta hadi kwenye paipu, vipimo visomeke. Picha kumi za namna hiyo zingetosha kwetu.

Kwa umeme, dai cheti cha kukamilika kwa kazi ya nyaya kilichotiwa sahihi na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, pamoja na matokeo ya vipimo vya nyaya na vya waya wa ardhini. Sanduku la swichi liwe na maandishi yanayosema kila swichi inazima wapi. Huku kwetu chumvi ya bahari hula vyuma upesi, na siku cheche zitakaporuka hutaki mtu awe anakisia. Karatasi za waranti za pampu na tangi ziwe zimeandikwa jina la madrasa, si jina la mkandarasi.

Kisha kuna cheti cha kukalia jengo. Hiki hutolewa na serikali ya kaunti baada ya wakaguzi kuridhika kwamba jengo limefuata ramani walizoidhinisha, na hutakiwa kabla ya watu kuingia. Wengi wetu huingia kwanza, halafu husahau. Usikichanganye na cheti ambacho msanifu humpa mkandarasi kuonyesha kazi imefikia kukamilika. Hicho cha pili ni cha mkataba, kati ya mwenye jengo na mkandarasi. Ndicho kinachoanzisha muda wa kasoro, na hapo ndipo pesa zinapoingia.

Mikataba mingi humruhusu mwenye jengo kuzuia sehemu ya kila malipo, labda asilimia 10 au 5. Nusu ya pesa hizo hulipwa kazi inapokamilika, na nusu ya pili hubaki hadi muda wa kasoro uishe na mkandarasi arekebishe yaliyoandikwa kwenye orodha. Tuseme kazi ni ya shilingi 8,000,000 na kinachozuiwa ni asilimia 10. Siku ya kukabidhiwa unampa 400,000 na kubaki na 400,000. Ukishazitoa zote siku ya pilau, utampigia simu mpaka uchoke. Andika kwenye mkataba, tangu mwanzo, kwamba faili kamili ni sharti la malipo yale. Mkandarasi mwaminifu hataona tabu.

Muda wa kasoro mara nyingi ni miezi sita. Hapa Pwani hesabu hiyo ina mtego. Jengo likikabidhiwa Julai, miezi sita inaisha Januari, na paa la zege halijaonja masika hata mara moja. Mvua kubwa ya Aprili na Mei itakuja wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka. Omba miezi 12, au hakikisha muda wenu unapita katika masika.

Najua wako watakaosema sisi tunaaminiana. Watoto wetu huhifadhi Al-Baqara, na aya yake ya 282, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni. Haikuteremshwa kwa wasioaminiana peke yao.

Faili likishapatikana, tatizo linalofuata ni kabati. Kamati hubadilika, mweka hazina huhamia Nairobi, na karatasi hubaki kwenye buti ya gari lake. Toeni nakala: moja ofisini, moja kwa wadhamini, na nyingine iwe imepigwa picha na kuhifadhiwa kwenye barua pepe ya madrasa yenyewe, isiyo ya mtu binafsi.

Mwezi huu kamati yetu imeanza kuchangisha ili kuongeza ghorofa, maana wanafunzi wamejaa hadi varandani. Injinia aliyeitwa aliomba michoro ya misingi na nguzo, na matokeo ya vipimo vya zege, vile vipande vinavyopondwa maabara baada ya siku 7 na 28. Hatuna hata kimoja. Amekataa kutia sahihi. Anataka kwanza kufukua misingi ya nguzo mbili na kutoboa zege ili alipime. Gharama hiyo itatoka kwenye mchango uleule wa ghorofa, na ukaguzi unaanza Jumamosi.