Bei ya Uniti na Bei ya Fundi: Somo Kutoka Oldeani

Katika kata ya Oldeani, wilayani Karatu, zipo nyumba zenye waya wa umeme wa gridi ukutani na paneli ya sola juu ya bati. Mwanafunzi wa uchumi akiziona atadhani mwenye nyumba amekosea hesabu. Umeme wa gridi kwa kaya ndogo isiyozidi uniti 75 kwa mwezi umekuwa ukiuzwa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo hufika takriban shilingi 122. Kwa nini basi mtu aendelee kuutunza mtambo unaompa taa tatu na chaji ya simu?

Nilimwuliza mama mmoja wa makamo swali hilo uani kwake. Akanijibu: "Mwalimu, ule wa nguzo ni rahisi, sina neno nao. Lakini huu, ukiharibika, ninajua nimpigie nani, na anakuja kwa bodaboda."

Jibu hilo halikuwa na takwimu hata moja. Hata hivyo lilinirudisha kwenye maktaba, kwa sababu lilinionesha kwamba historia ya umeme nchini kwetu tumeiandika kama historia ya megawati, mabwawa na kashfa. Tumeiandika pia kama historia ya bei. Historia ya huduma, yaani nani huja pale taa inapozimika, na baada ya muda gani, bado haijapata mwandishi.

Oldeani ni mahali pazuri pa kuianzia. Mlima huo uliochukua jina lake katika Kimaasai kutokana na mianzi inayoota juu yake umepakana na msitu wa Ngorongoro upande mmoja na mashamba upande mwingine. Wajerumani waliofukuzwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, na wengi wao walitwaa ardhi kwenye miteremko hiyo wakalima kahawa. Vita vya pili vilipolipuka mwaka 1939 walikamatwa, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Kwa vibarua wa mashamba hayo na kwa wakulima wa Kiiraqw waliowazunguka, nishati ilitoka mahali pawili: kuni msituni, mafuta ya taa dukani. Kuni hazikuwa na bei, ila zilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa na mgongo wa mwanamke. Mafuta ya taa yalikuwa na bei, nayo yalikuwa na fadhila moja ambayo wachumi huisahau: mwenye duka alikuwa jirani. Alikukopesha. Kibatari kikivuja, ulikitengeneza mwenyewe.

Wakati huohuo, mbali na Oldeani, umeme ulikuwa unapangiwa wenyewe. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliikabidhi kazi hiyo kwa kampuni mbili binafsi: DARESCO na TANESCO. Nyaya zilifuata mkonge, migodi na nyumba za Wazungu. Mfumo ule uligawanya nchi kwa ramani, kila kampuni na eneo lake, na mteja hakuwa na nafasi ya kuchagua. Serikali huru ilinunua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na mwaka 1968 ziliunganishwa zikawa shirika moja. Utaifishaji ulibadili mmiliki. Uhusiano wa mteja na msambazaji ulibaki uleule: mmoja anaomba, mwingine anakubali au anakawia kukubali.

Tangu hapo mjadala wetu wa umeme umekuwa mjadala wa bei, kwa sababu bei ndiyo kitu ambacho mwanasiasa anaweza kukitangaza jukwaani. Lipo jaribio moja lililotaka kwenda njia nyingine, nalo linafaa kukumbukwa bila ushabiki. Mwaka 2002 menejimenti ya TANESCO ilikabidhiwa Net Group Solutions ya Afrika Kusini, huku wafanyakazi wakipinga. Wageni wale walikata umeme hata kwa taasisi za serikali zilizokuwa na madeni sugu, na makusanyo yakapanda. Lakini kukusanya pesa si kuhudumia. Mkataba wao ulikoma mwaka 2006, na huo ndio mwaka wa ukame na mgawo mkali wa umeme. Wananchi walikuwa wamejifunza kulipa kwa wakati kabla shirika halijajifunza kuwasha kwa wakati.

Lipo jambo dogo zaidi ninalopenda kuwatajia wanafunzi wangu. Hadi Aprili 2016 mteja wa kawaida alilipa shilingi 5,520 kila mwezi, nje ya uniti zake, na malipo hayo yaliitwa gharama ya huduma. EWURA iliyafuta, na wengi tulishangilia, mimi nikiwamo. Ni miaka michache baadaye tu nilipojiuliza: huduma gani tuliyokuwa tukiilipia, na ilipofutwa, ni nani aliyeona kitu kimepungua? Miaka mitano baadaye, Agosti 2021, kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita ikawa dirisha la mkusanya kodi. Kwa upande wa mapato, serikali imeijua nyumba ya mwananchi hadi namba ya mita yake. Je, inamjua kwa kiasi hichohicho anapokaa gizani?

Umeme wa jua uliingia kwenye pengo hilo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa karibu na ile ya dizeli ili kuukomesha uchakachuaji, na kaya zisizo na nguzo zikajikuta zinalipa adhabu ya kosa lililotendwa katika vituo vya mafuta. Wakati huo M-Pesa ilikuwa imeshaenea. Arusha ikawa kitovu: Off Grid Electric ilianzia hapo, na Mobisol, kampuni ya Berlin, nayo ikaja. Ziliuza mtambo kwa malipo kidogokidogo kwa simu. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe ukiwa palepale nyumbani.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kaya inalipa shilingi 500 kwa siku kwa mtambo mdogo unaotoa wati-saa 100 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 15,000 kwa uniti tatu. Uniti hizohizo tatu kwenye gridi, kwa ile bei ya shilingi 122, hazifiki shilingi 400. Tofauti ni zaidi ya mara 40. Ni kweli kwamba sehemu ya malipo yale ni bei ya kifaa, nacho mwisho kinakuwa mali ya mnunuzi. Ni kweli pia kwamba shilingi 27,000 za kuunganishiwa umeme vijijini hazihesabu nyaya za ndani ya nyumba. Hata ukiyatoa hayo yote, pengo linabaki. Wachambuzi waliita hali hii unyonyaji wa maskini. Wauzaji waliiita ukombozi. Naona pande zote mbili hazikumsikiliza mnunuzi. Alikuwa ananunua wakala anayemfahamu, dhamana ya betri na fundi wa bodaboda.

Hata hivyo huduma nzuri ina udhaifu wake, nao haukukawia kuonekana. Aprili 2019 Mobisol iliwasilisha maombi ya ufilisi nchini Ujerumani, na baadaye mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Wateja walipata mrithi kwa sababu mnunuzi alipatikana, si kwa sababu sheria ililazimisha apatikane. Uingereza, ambako kila kaya imeweza kuchagua msambazaji wake wa umeme tangu mwaka 1999, kampuni zaidi ya 25 zilianguka katika msukosuko wa bei ya gesi ulioanza 2021. Nyingi zilikuwa zimevuta wateja kwa bei ya chini bila kuwa na akiba. Lakini taa hazikuzimika, kwa kuwa mdhibiti aliwahamishia wateja kwa msambazaji mwingine. Mteja wa mtambo wa sola hapa kwetu hana kinga ya namna hiyo. Mbele ya sheria yeye ni mnunuzi wa bidhaa kwa mkopo, kama aliyenunua kabati.

Mfano wa upande wa pili uko Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, ambako kampuni ya JUMEME ilijenga gridi ndogo. Uniti iliuzwa kwa zaidi ya shilingi elfu moja. Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi ndogo za namna hiyo ziuze kwa bei ya TANESCO vijijini, shilingi 100. Haki ya agizo lile iko wazi: kwa nini mvuvi wa Ukara alipe mara kumi ya anacholipa mkazi wa Mwanza? Lakini bei ya TANESCO inabebwa na mabwawa yaliyojengwa kwa fedha za umma na wateja wakubwa wa mijini. Gridi ya kisiwani haina migongo hiyo. Ukiiteremsha bei kwa amri bila kusema nani atajaza pengo, unakuwa umeamua, pasipo kutamka, kwamba kitakachopungua ni nguzo mpya na fundi.

Ndugu zangu watumishi wa umma huniambia kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha kufikiwa na umeme na kazi sasa iko kwenye vitongoji. Sibishi, na siidharau kazi hiyo. Anayekumbuka kusoma kwa koroboi hawezi kuidharau. Ninachosema ni kwamba idadi ya vijiji ni takwimu ya siku ya uzinduzi. Viwango vya huduma vipo kwenye kanuni na kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja, lakini EWURA inapoitisha mikutano ya hadhara kuhusu ombi la kupandisha bei, wananchi hubishana juu ya shilingi kwa uniti. Iwekwe mezani pia, wilaya kwa wilaya, wastani wa saa zinazopita tangu mteja atoe taarifa hadi umeme urudi, na idadi ya mafundi na magari kwa kila wateja elfu moja. Wauzaji wa sola nao wabanwe kuweka dhamana itakayowahudumia wateja kampuni ikifilisika. Mkazi wa Karatu akiwa na karatasi hizo mbili mkononi ataweza kulinganisha, na akikubali bei ipande atajua anaikubali kwa ajili ya nini.

Nilipoaga siku ile jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima. Yule mama aliwasha taa ya gridi sebuleni, kisha akaenda jikoni akawasha ile ya sola, kwenye kibanda chenye mafiga na, pembeni, mtungi mdogo wa gesi. Nikamwuliza huo unautumia lini. "Wageni wakija ghafla," akasema, "na siku ambazo sina nguvu za kwenda kutafuta kuni."