Mawe ya Kalokol na Mashimo Meusi ya Mbinguni

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kalokol, kabla hajalifikia Ziwa Turkana, hukuta kando ya njia nguzo za mawe meusi zilizosimikwa ardhini, zikiinama huku na huku, ambazo Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu wa mawe, wakisimulia kuwa hao walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe.

Mwaka 1978 wanazuoni wawili, Lynch na Robbins, walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za mahali hapo zilielekezwa kwenye nyota saba au makundi ya nyota, Kilimia na Shira miongoni mwao, kadiri zilivyokuwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, kwa mfano wa kalenda ya Waborana. Habari hiyo ilipendeza mno. Lakini mwaka 1982 Robert Soper alizipima upya akaitilia shaka, na uchimbaji uliofuata katika nguzo za aina hiyo kandokando ya ziwa ukarudisha zama zake nyuma hadi kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, enzi za wafugaji wa kwanza wa Turkana. Huko Lothagam Kaskazini zilibainika kuwa alama za makaburi, ambamo walizikwa watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi.

Fundisho lililomo ni adhimu: vitu viwili kuelekeana si ithibati kwamba kimoja ndicho sababu ya kingine, na ilimu ya falaki nayo imelipitia fundisho hilo hilo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza kukusudiwa kuchungua mbingu kwa miali ya eksirei. Miongoni mwa ilivyoviona ni galaksi ya Centaurus A, ipitayo katika anga la kusini la Kalokol, ambayo zamani iliimeza galaksi nyingine, na kiini chake kina shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Ndugu wawili Toomre walionyesha mwaka 1972 jinsi galaksi zikutanapo zinavyovutana hadi zikatoa mikia mirefu. Na gesi iliyotikiswa hivyo, ikipotewa na mwendo wake wa mzunguko, huporomoka kuelekea kiini, hupashwa moto mkali, nayo hung'aa kabla ya kumezwa na shimo.

Basi ikadhaniwa kuwa kila shimo lililo hai lina mgongano nyuma yake. Lakini mwaka 2011 uchunguzi wa galaksi 140 zenye mashimo ya namna hiyo kwa darubini ya Hubble uliona kuwa aghalabu hazikuharibika umbo kupita zile zilizotulia. Ilhali mwaka uliofuata wengine walionyesha kwamba zile zing'aazo kupita zote ndizo mara nyingi zilizogongana. Mgongano, kwa hiyo, ni mlango mmoja wa kulishia shimo, wala si mlango pekee.

Nguzo za Kalokol zingali zimesimama katika upepo wa jangwa, na heshima tuwezayo kuwapa waliozisimika ni kuzipima tena kila tunapopata kipimo kilicho bora, bila ya kuwalazimisha wafu hao waseme lile tulilokwisha kulitamani.