Uhusiano wa umma mtandaoni

Uhusiano wa umma mtandaoni ni kazi ya kujenga na kulinda jina la taasisi, kampuni au mtu kupitia intaneti. Zamani afisa uhusiano aliufikia umma kwa kupitia mhariri wa gazeti, redio au televisheni. Mtandaoni nafasi ya mhariri kwa sehemu kubwa imeshikwa na injini ya utafutaji, ambayo haipigiwi simu wala haialikwi kwenye mkutano na waandishi wa habari. Anayetaka kuijua kampuni huandika jina lake kwenye Google, na anayoyakuta katika ukurasa wa kwanza wa matokeo huwa ndiyo sura ya kampuni hiyo kwake, yawe yameandikwa na kampuni yenyewe, na gazeti au na mteja mwenye hasira.

Jinsi matokeo yanavyopangwa

Injini ya utafutaji ina programu inayopita tovuti moja hadi nyingine kwa kufuata viungo na kuhifadhi maneno inayoyakuta katika faharasa. Mtu anapouliza, majibu hutoka katika faharasa hiyo. Ugumu uko katika kuamua jibu lipi litangulie. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha Google mwaka 1998 wakitumia mbinu iitwayo PageRank. Katika mbinu hii kila kiungo huhesabiwa kama kura, lakini kura hazina uzito sawa: kiungo kutoka ukurasa ambao wenyewe umeunganishwa na wengi huwa na nguvu zaidi. Siku hizi viungo ni kigezo kimoja tu kati ya vingi.

Nguvu ya blogu

Huduma ya Blogger ilianza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Mtu asiyejua kutengeneza tovuti sasa aliweza kuchapisha kwa dakika chache. Blogu zilikuwa na kila kitu ambacho injini za utafutaji zilikipenda: maandishi mengi, habari mpya kila siku, anwani ya pekee kwa kila makala, na wanablogu waliounganishana bila kuchoka. Tovuti za makampuni mengi wakati ule zilikuwa kama vipeperushi: picha nyingi, maneno machache, na hazikubadilishwa kwa miezi. Hivyo mtu mmoja aliyeandika usiku baada ya kazi aliweza kutokea juu ya kampuni yenye idara nzima ya habari.

Nguvu hiyo ilionekana wazi katika kile kilichoitwa "bomu la Google". Kuanzia mwaka 2003 wanablogu walitumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyeshindwa vibaya" kama kiungo cha kwenda kwenye wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya Ikulu ya Marekani. Wasifu huo ukawa jibu la kwanza kwa maneno hayo, ingawa wenyewe haukuwa nayo. Google ilibadilisha mbinu yake Januari 2007 ili kuzuia mchezo huo.

Matukio yaliyobadilisha kazi

Mfano unaotajwa sana ni wa kufuli za baiskeli za Kryptonite. Septemba 2004 ilionyeshwa mtandaoni kwamba baadhi ya kufuli hizo zilifunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic. Blogu zikasambaza video, magazeti makubwa yakafuata, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja kufuli. Udhaifu huohuo ulikuwa umeelezwa nchini Uingereza tangu mwaka 1992, lakini karatasi ya gazeti ilisahaulika. Video na makala za blogu ziliendelea kupatikana kwa kila aliyetafuta jina la kufuli hizo.

Mwaka 2005 mwandishi Jeff Jarvis alilalamika katika blogu yake kuhusu kompyuta yake ya Dell na huduma aliyopewa. Wateja wengine wakajiunga naye. Mwaka uliofuata Dell ilifungua blogu yake yenyewe.

Udanganyifu

Baadhi walijaribu kununua au kughushi sifa hizo. Februari 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani katika matokeo yake, kwa kuwa kurasa zake zilionyesha maneno fulani kwa programu ya utafutaji na mengine kwa wasomaji. Mwaka huohuo blogu ya wasafiri wawili waliokuwa wakiisifu Walmart iligunduliwa kuwa safari yao ililipiwa na kikundi kilichoundwa kwa msaada wa Edelman, kampuni iliyoshughulikia uhusiano wa umma wa Walmart. Edelman iliomba radhi. Tangu Desemba 2009 miongozo ya serikali ya Marekani humtaka mwanablogu aliyelipwa au kupewa bidhaa aseme hivyo.

Afrika ya Mashariki

Miongoni mwa waanzilishi wa blogu za Kiswahili ni Ndesanjo Macha wa Tanzania, mwenye blogu ya Jikomboe. Nchini Kenya, serikali ilipozuia matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007 baada ya uchaguzi, wengi walitafuta habari katika blogu, ikiwemo Kenyan Pundit ya Ory Okolloh. Wito alioutoa humo ulichangia kuanzishwa kwa Ushahidi mnamo Januari 2008.

Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kuwa na leseni, kwa gharama ya jumla ya shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia. Baadhi walifunga blogu zao. Blogu ikifungwa, kurasa zake hatimaye hutoweka katika faharasa, na anayetafuta jina la taasisi ambayo blogu hiyo iliichunguza hubaki na yale ambayo taasisi imejiandikia.