Ardhi na kura katika wadi ya Tezo, Kilifi

Tezo ni wadi ya eneobunge la Kilifi Kaskazini, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Wakazi wake, wengi wao Wamijikenda, hutegemea mahindi, minazi, mikorosho na vibarua. Takwimu za serikali za mwaka wa 2015/16 zilionyesha kuwa asilimia 46.8 ya watu wa Kaunti ya Kilifi walikuwa maskini, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 36.1.

Hudhaniwa kuwa maskini humfuata aliye mamlakani, kwa kuwa ndiye mwenye kugawa. Ndivyo ilivyokuwa Pwani mwaka wa 1992 na 1997, KANU ya Daniel arap Moi ilipoongoza. Lakini kuanzia 2007 hadi 2022, Kilifi ilimpigia hayati Raila Odinga kura nyingi zaidi katika kila uchaguzi mkuu.

Chanzo kikubwa ni ardhi. Sheria ya Hatimiliki ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila anayedai shamba katika ukanda wa pwani athibitishe umiliki wake. Wamijikenda, ambao mashamba yao yalikuwa ya ukoo, wengi hawakusajiliwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wajukuu wao wakaitwa maskwota. Baada ya uhuru ilianzishwa mipango ya makazi, ukiwemo ule wa Tezo-Roka. Viwanja vilitolewa kwa mkopo, na hati ilizuiliwa hadi deni limalizike. Kwa mkulima wa nazi na korosho, deni la namna hiyo hurithiwa pamoja na shamba lenyewe. Kufungwa kwa kiwanda cha korosho cha Kilifi katika miaka ya 1990 kulizidisha dhiki hiyo.

Kwa hiyo siasa ya ugatuzi ina mizizi mirefu hapa. Ronald Ngala, mwana wa Kilifi, aliongoza KADU iliyopigania majimbo mwaka wa 1963, na ODM ilipoyafufua madai hayo mwaka wa 2007 haikuwa ikihubiri jambo geni. Mwaka wa 2010 Pwani iliiunga mkono katiba mpya kwa kura nyingi.

Je, hati hununua kura? Mwaka wa 2013, miezi michache baada ya kuapishwa, Rais Uhuru Kenyatta alizindua utoaji wa hati 60,000 Pwani. Hata hivyo, Agosti 2017 Kilifi ilimchagua tena mpinzani wake. Yaelekea aliyepewa hati aliihesabu kuwa haki iliyochelewa, wala si hisani.

Umaskini huonekana pia katika kura zisizopigwa. Mwaka wa 2013 kundi la Mombasa Republican Council, lenye kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", liliwahimiza watu wasusie uchaguzi, likitaja dhuluma za ardhi. Mwaka wa 2022 hapakuwa na wito wa aina hiyo, na aliyekuwa gavana, Amason Kingi, alikuwa amekipeleka chama chake cha PAA upande wa William Ruto. Raila alishinda tena Kilifi, lakini kati ya wapigakura wapatao 588,000 waliosajiliwa katika kaunti, takriban nusu hawakufika vituoni, ilhali kitaifa walijitokeza karibu asilimia 65.