Nani Aliua Lari?

Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na anayeogopa kugombana na jirani huipenda sana. "Watu waliuawa Lari." Sentensi safi, haimkwazi mtu. Lakini waliuawa na nani?

Swali hili lilitubana tulipoanza kuandika pamoja makala kuhusu Mau Mau kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili. Tuko wanne, wawili wa Thika, wawili wa Ruiru. Babu yangu alizuiliwa Manyani. Babu ya mwenzangu mmoja wa Ruiru alikuwa homugadi. Lari iko kaunti hii hii yetu ya Kiambu, na Kamiti, alikonyongwa Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957, ni hapo tu jirani na Ruiru. Kwa hivyo ukigusa neno moja, umegusa shamba la mtu.

Rasimu moja iliwaita homugadi "wasaliti". Nyingine ikasema "walinzi wa vijiji". Tulibishana wiki nzima, na si mchezo. Mwishowe tukaweka sheria: hakuna sifa, andika kitendo na mtendaji wake. Na kila mtu aandike sehemu inayouma upande wa kwao.

Basi mimi nikapewa usiku wa 26 Machi 1953. Wapiganaji wa Mau Mau walivamia maboma ya Lari, wakachoma nyumba na kuua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Chifu Luka Wakahangara alikuwa miongoni mwao. Nyuma ya hasira hiyo kulikuwa na ardhi: Luka na watu wake walihamishiwa Lari ili Tigoni ibaki ya walowezi, na wengine waliona wamenyang'anywa haki yao. Hiyo ni sababu, na lazima iandikwe. Haiwafufui watoto.

Mwenzangu akaandika yaliyofuata: homugadi, polisi na wanajeshi walilipiza kisasi, wakaua watu wengi kuliko waliokufa mwanzo. Alichukua siku tatu kuandika aya moja. Hatukumharakisha.

Idadi nayo ilileta vita vyake. Serikali ya kikoloni ilihesabu wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa. Caroline Elkins, mwaka 2005, alisema huenda waliopotea ni makumi au hata mamia ya maelfu. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, alikadiria vifo 50,000 hivi, karibu nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Jamaa mmoja akasema, si tuchukue ya katikati tu? Hapana. Ukweli hauko katikati kama kiti cha matatu. Tuliandika zote tatu, nani alihesabu, lini, na kwa njia gani, kisha tukaeleza ubishi ulipo kati yao.

Mau Mau ilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Muda wote huo wazee wa pande zote mbili walinyamaza, wakazikana, wakaoza mabinti kwa wana wa mahasimu wao. Huenda waliona kunyamaza ndiko kulikoruhusu kuishi pamoja.

Neno "wasaliti" bado limo kwenye makala, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na maelezo ya nani aliwaita hivyo. Babu ya mwenzangu naye yumo, bila jina, ndani ya neno "homugadi". Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyekataa tulifute.