Kumpima Chaza Angali Hai

Kuanzia mwaka 1977, wafugaji wa chaza wa Ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walianza kutoa majini vigae vitupu. Kila kiangazi huvipaka chokaa na kuvizamisha, ili watoto wa chaza wanaoelea wapate pa kushika. Miaka hiyo hawakushika. Chaza wakubwa nao walifura magamba, yakawa manene yenye vyumba vyumba vilivyojaa ute. Mnyama mwenyewe alikuwa hai, anafungua na kufunga, ila mwili umedumaa na hana mnunuzi. Ghuba iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka ilibaki na tani 3,000 hivi ilipofika 1981.

Ilikuwa rahisi kudhani ni maradhi. Kati ya 1970 na 1973 virusi vilikuwa vimemfyeka chaza wa Kireno, aliyewalisha watu wa pwani hiyo kwa karne nzima, na ikabidi aletwe chaza wa Kijapani ili ufugaji usife. Lakini Claude Alzieu na wenzake, watafiti wa taasisi ya uvuvi ya Ufaransa, waliziangalia boti za starehe zilizojaa ghubani. Chini zilipakwa rangi yenye tributilitini, kemikali ya bati inayoua viumbe wanaojibandika kwenye boti. Nanogramu chache tu katika lita ya maji zilitosha kumvuruga chaza asijenge gamba lake sawasawa. Januari 1982 Ufaransa ilianza kuipiga marufuku rangi hiyo kwa boti ndogo. Kiangazi cha mwaka huohuo vigae vilipata watoto tena. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia rangi hiyo ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008. Miaka 26 ni mingi mno kwa jambo ambalo gamba la chaza lilikuwa limeshalieleza.

Kisa cha Arcachon nakiona kikubwa kwa sababu jibu lilitoka kwa wanyama walio hai. Daktari wa mifugo humsikia ng'ombe akikohoa, humwona akichechemea. Chaza hufunga gamba, basi. Ukimkuta wazi asifunge hata akiguswa, mara nyingi amekwisha kufa, na maiti haisemi mengi kuhusu wiki zilizotangulia.

Fikra yenyewe ya msongo wa mwili ilianzia kwa panya. Mwaka 1936, Hans Selye wa Montreal, Kanada, alieleza kuwa panya waliotiwa baridi, sumu au majeraha walionyesha dalili zilezile: tezi za adrenali zilivimba na tumbo likapata vidonda. Chaza na kome hawana tezi hizo. Wangepimwaje?

Jawabu lililonivutia zaidi lilitoka Plymouth, Uingereza, katika miaka ya 1970, kwa Brian Bayne na John Widdows. Walimweka kome katika chombo cha maji yanayopita, wakapima anachuja chakula kwa kasi gani, anafyonza sehemu gani ya alichokula, anatumia oksijeni kiasi gani, na anapoteza nishati kiasi gani katika uchafu anaoutoa. Ni hesabu ya nyumbani ya mapato na matumizi. Kinachobaki ndicho cha kukua na kuzaa. Kisipobaki kitu, kome anaanza kujila mwenyewe, na anaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu huku kwa macho akionekana mzima. Kipimo hicho kilikwenda hadi Sullom Voe, bandari ya mafuta katika visiwa vya Shetland, ambako kome walitumiwa kuchunguza afya ya maji.

Ufaransa iligeukia hesabu ya namna hiyo kwa sababu ya balaa jingine. Chaza wa Kijapani walikuwa wakifa kiangazi bila sababu moja inayoonekana, kama ilivyokuwa kwao Japani tangu miaka ya 1940. Kati ya 2001 na 2005, Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, iliendesha mradi mkubwa wa MOREST chini ya Jean-François Samain. Ilidhihirika kuwa vifo vilianza maji yalipopita nyuzi joto 19, wakati chaza amejaa mayai au mbegu na nishati nyingi imekwenda kwenye uzazi. Waliowekwa karibu na matope walikufa zaidi kuliko walioinuliwa. Koo nyingine zilistahimili, nyingine hazikustahimili, na tofauti hiyo ilirithiwa.

Wakati huohuo, Arnaud Lacoste na wenzake huko Roscoff, Ufaransa, waliwatikisa chaza kwa dakika 15 tu. Noradrenalini na dopamini zilipanda katika damu yao, na seli za kinga zikapunguza kasi ya kumeza vijidudu. Tuwafikirie basi chaza wa shambani, wanaoishi katika mifuko ya wavu juu ya meza za chuma, wakigeuzwa na kupigwapigwa mara kwa mara. Kuwashika ovyo wakati wa joto ni kuwavua ngao.

Kisha likaja pigo la 2008. Aina mpya ya virusi vya jamii ya hepesi iliua chaza wachanga kwa siku chache, pwani baada ya pwani. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha mwendo wake: virusi hudhoofisha kwanza seli za kinga zilizo katika damu, halafu bakteria humaliza kazi. Hapo hesabu ya Plymouth ilikutana na jambo gumu. Fabrice Pernet na wenzake wa Ifremer walikuta kwamba chaza wanaokula vizuri na kukua haraka ndio waliokuwa hatarini zaidi. Seli yenye shughuli nyingi huvipa virusi nyenzo za kuzaliana.

Kwa hiyo ziada ya nishati, iliyokuwa alama ya siha, ikawa pia mlango wa maradhi, na mfugaji analazimika kuchagua kati ya mavuno ya haraka na uhai wa mifugo yake. Nchini Australia, virusi hivyo vilipofika karibu na Sydney, watafiti waliwainua chaza juu zaidi ili wakae majini kwa saa chache. Vifo vya wakubwa vilipungua. Kwa wachanga haikusaidia, na hao ndio mtaji wa msimu unaofuata.